Njia ya Pugu: Familia za Wamisionari kutoka Ufukweni hadi Buguruni

Familia ya kwanza ya wamisionari wa Kiprotestanti kuweka makazi Dar es Salaam ni ya Mjerumani Johann Jakob Greiner. Alifika Julai 1887 pamoja na mkewe na binti wa ndugu yake, akiwa ametumwa na chama cha misheni kilichoundwa Berlin mwaka mmoja kabla. Greiner hakuwa mgeni wa Afrika. Alikuwa amefanya kazi Shoa, Uhabeshi, miongoni mwa Waoromo, hadi wamisionari walipofukuzwa huko. Joto, homa na posta isiyofika alishavizoea. Pwani ilimwekea mtihani mwingine.

Mji waliouingia ulikuwa umechoka. Sultani Majid wa Zanzibar aliuanzisha katika miaka ya 1860, lakini alipofariki mwaka 1870 ujenzi ulisimama na majengo yakaanza kuporomoka. Nyuma ya mji kulikuwa na mashamba ya minazi na vijiji vya Wazaramo, na katikati yake njia ya kwenda vilima vya Pugu na Kisarawe. Buguruni ya leo, kilomita zipatazo 5 kutoka bandarini, iko upande huohuo wa bara. Kwa miongo mingi wamisionari waliulenga upande huo, ila macho yao yalikuwa vilimani. Vijiji vya kando ya mji walivipita tu.

Shida kubwa ya akina Greiner haikuwa homa, ilikuwa watu waliofuatana nao. Chama kilichowatuma kilizaliwa katika kundi la Carl Peters, yule aliyekuwa akikusanya mikataba ya ardhi kwa machifu, na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilifungua kituo Dar es Salaam mwaka huohuo wa 1887. Mzaramo au Mwarabu wa mjini hakuwa na sababu ya kumtenga mhubiri na wakala wa kampuni: lugha yao moja, bendera moja, meli moja. Greiner angeweza kueleza alivyotaka, lakini mazingira yalishamsemea.

Wakatoliki walijaribu njia ya peke yao. Wabenediktini, shirika lililoanzishwa na Andreas Amrhein na lililokuja kujulikana kwa jina la St. Ottilien, walifungua misheni Pugu mwaka 1888. Hawakuwa familia kwa maana ya damu, ila waliishi kama kaya moja: mapadri, mabruda na masista, bustani, jiko na watoto wa kulea. Agosti mwaka huo vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilianza Pangani na kusambaa pwani yote. Jumapili tarehe 13 Januari 1889 misheni ya Pugu ilivamiwa. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka hadi walipokombolewa kwa fidia. Jambo moja lililowachongea wamisionari ni kupokea watumwa ambao manowari za Kijerumani ziliwatoa kwenye majahazi. Kwa wamisionari hiyo ilikuwa huruma. Kwa wenye majahazi ilikuwa mali yao imeporwa na kupewa wageni.

Watumwa hao waliokombolewa ndio waliokuja kuwa usharika wa kwanza. Hawakuwa na ukoo jirani wala shamba, kwa hiyo waliitegemea misheni kwa makazi, chakula na hata ndoa. Mwaka 1892 Greiner alianzisha kituo Kisarawe, akakiita kwa Kijerumani Hoffnungshöh, na mwaka 1895 kikafuata cha Maneromango, ndani zaidi ya Uzaramo. Huku mume akihesabiwa ndiye mmisionari, mke aliachiwa kila kisichoingia kwenye mahubiri: wagonjwa waliokaa barazani tangu alfajiri, wasichana wa kufundishwa kushona, yatima wa kulishwa. Ripoti zilizotumwa Ulaya zilimtaja kwa sentensi moja, pengine mbili. Nyumba isingesimama bila yeye.

Kuhamia vilimani kulikuwa na hesabu yake. Wazungu wa wakati huo waliamini kwamba homa hutokana na hewa chafu ya mabwawa, hivyo walitafuta mwinuko na upepo. Kwinini waliijua, lakini kwamba mbu ndiye anayebeba malaria kulithibitishwa na Ronald Ross huko India mwaka 1897. Robert Koch mwenyewe alichunguza ugonjwa huo Dar es Salaam katika mwaka huo na uliofuata. Wamisionari walichagua mahali pazuri kwa sababu isiyo sahihi. Kabla ya hapo familia zilikuwa zimelipa gharama kubwa. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa na mkewe Rosine mwaka 1844. Julai mwaka huo Rosine alifariki siku chache baada ya kujifungua, na mtoto akamfuata. Kaburi lao liko upande wa Nyali.

Waliosafiri na watoto walilazimika kubuni. Annie Hore, mke wa mmisionari wa London Missionary Society, alitoka pwani mwaka 1884 kwenda Ujiji akiwa na mwanawe mdogo, Jack. Ndorobo waliua farasi na punda, na mtoto hakuweza kutembea safari ya miezi. Wakatumia kiti cha magurudumu kilichotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa Uingereza, kikafungwa kwenye miti na kubebwa na wapagazi kwa zamu kupita pori na vijito hadi ziwani. Kitabu alichokiandika baadaye kimetumia kiti hicho katika jina lake. Majina ya waliokibeba ni shida kuyapata.

Kwa Uzaramo, lugha haikuwa kikwazo kikubwa. Kiswahili kilikuwa kimeenea, na Maandiko yaliyotafsiriwa Zanzibar chini ya Askofu Edward Steere yalikuwepo. Mmisionari Worms alishughulika na sarufi ya Kizaramo katika miaka ya 1890, lakini kazi ya kila siku ilibaki ya Kiswahili. Mila ndizo zilizogoma. Mzaramo alihesabu ukoo upande wa mama, na msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani akiwa mwali kwa miezi, hata miaka, hadi atolewe kwa ngoma. Mke wa mmisionari aliyetaka wasichana waje darasani kila asubuhi alikuwa anawaomba wazazi wavunje jambo ambalo bila hilo binti hakuwa mwanamke. Wengi walikataa. Uislamu, ulioletwa na walimu waliokaa, kuoa na kucheza ngoma kijijini, haukuwadai hivyo, nao ndio ulioshika Uzaramo.

Mwaka 1903 vituo vya Uzaramo vilikabidhiwa kwa Misheni ya Berlin, iliyokuwa kongwe na yenye uzoefu zaidi. Miaka miwili baadaye vita vya Maji Maji vilifika Uzaramo. Martin Klamroth, aliyekuwa kiongozi wa misheni hiyo Dar es Salaam, aliandika kwa wasiwasi juu ya kasi ya Uislamu, na mwaka 1910 lilianza gazeti la Kiswahili, Pwani na Bara. Kanisa la Kilutheri linaloitwa leo Azania Front lilikuwa limekamilika ufukweni tangu mwanzoni mwa karne. Kisha, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakauteka mji Septemba 1916. Wajerumani waliwekwa kizuizini na kurudishwa kwao, na sharika zikabaki mikononi mwa walimu Waafrika. Ibada hazikukatika. Jambo hilo linaeleza zaidi kuhusu mizizi ya kanisa kuliko ripoti nyingi za kabla ya vita. Wajerumani waliruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, wakazuiliwa tena Vita Kuu ya Pili ilipozuka, na Waskandinavia na Wamarekani wakashika nafasi zao.

Buguruni yenyewe ilijaa Wakristo kwa njia nyingine kabisa. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914 ilifungua mlango wa bara. Baada ya Uhuru mji ulitanuka kando ya Mtaa wa Kichwele, uliopewa jina la Uhuru, na kijiji kikawa mtaa wenye msongamano. Wachaga, Wahaya, Wanyakyusa, Wahehe na wengine walikuja na vyeti vyao vya ubatizo, wakaanza ibada sebuleni, kisha chini ya mabati, kisha katika makanisa ya matofali. Mahubiri ambayo akina Greiner waliyabeba kuelekea vilimani yaliingia Buguruni kutoka Moshi na Bukoba, yakiletwa na wapangaji wa chumba kimoja.

Familia za wamisionari zilizokuja baada ya hapo zilikuta mfumo uliokwisha kuundwa. Kwanza shule ya lugha, mara nyingi ile ya Walutheri Morogoro au ya Makoko, Musoma. Kisha kibali cha ukaazi, kisha nyumba ya kupanga yenye tangi la maji. Suala gumu lilikuwa shule ya watoto. Wengine waliwapeleka bweni Kijabe, Kenya, katika Rift Valley Academy iliyoanzishwa mwaka 1906, nao wakakua wakiwaona wazazi wakati wa likizo. Mmisionari mwenyewe hakuwa tena mkuu wa kituo. Alikuwa daktari, mwalimu wa chuo au mhasibu chini ya askofu Mtanzania, hasa baada ya makanisa ya Kilutheri kuungana mwaka 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Wapo walioona hilo zito kuliko malaria.

Chama kilichomleta Greiner kilihamia Bethel, na baadaye kikawa sehemu ya umoja wa misheni wenye makao yake Wuppertal. Tangu 1996 umoja huo unaendeshwa kwa pamoja na makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, na Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya KKKT ni mwanachama. Wachungaji wa Kitanzania nao hutumwa Ujerumani na familia zao. Kijerumani wanaanza kukisoma kabla ya safari, watoto wanaingizwa darasani wakati lugha haijakaa vizuri, na mchungaji aliyezoea kanisa lililojaa hadi nje anakuta wazee wachache viti vya mbele.