Shule ya Daodu na Beere

Mwaka 1914 wasichana sita waliandikishwa katika shule ambayo kwa miaka sita ilikuwa ya wavulana watupu. Shule yenyewe ni Abeokuta Grammar School, kusini-magharibi mwa Nigeria, katika mji wa Waegba uliojengwa kuuzunguka mwamba wa Olumo. Wa kwanza kuandikishwa kati ya hao sita alikuwa Frances Abigail Olufunmilayo Thomas, binti wa miaka 13. Wengi wanamjua kwa jina alilopata baadaye: Funmilayo Ransome-Kuti, mama yake mwanamuziki Fela.

Siku hizi ukisoma habari zake, mara nyingi utakuta ametajwa peke yake, kana kwamba aliingia darasani akiwa msichana mmoja katikati ya bahari ya wavulana. Walikuwa sita. Hao watano hawakuja kuongoza maandamano wala kuzaa wanamuziki, basi majina yao yamebaki kwenye madaftari ya shule na simulizi zikawaruka.

Shule ilipofunguliwa mwaka 1908, Abeokuta haikuwa koloni. Kwa mkataba wa mwaka 1893 Waingereza walikuwa wameitambua serikali ya Waegba kuwa ya kujitegemea, ingawa Lagos ilikuwa jirani na jicho la gavana lilikuwa kali. Mji ulikuwa na wasomi wake. Wengi walikuwa Wasaro, watu waliookolewa kwenye meli za watumwa, wakashushwa Freetown, Sierra Leone, na huko wakapata dini, cherehani na kalamu kabla ya wao au watoto wao kurudi kwa Wayoruba. Babu zake Funmilayo ni wa ukoo huo. Humohumo Abeokuta, mwaka 1859, ndimo lilimochapishwa Iwe Irohin, gazeti la Kiyoruba, wakati sehemu kubwa ya bara letu haijaona gazeti la lugha yoyote.

Mwaka huohuo wa 1859, wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifungua grammar school yao Lagos chini ya Thomas Babington Macaulay, mkwe wa mchungaji Samuel Ajayi Crowther. Ile ya Freetown ilikuwa imetangulia mwaka 1845. Mfano wao ulikuwa wa Uingereza, ambako shule za jina hilo zilianza kwa kuwafunza wavulana Kilatini ili wawe mapadri na makarani. Afrika Magharibi mfano huo ulinoga kwa sababu za watu wa huko wenyewe. Mzazi wa Lagos au Abeokuta hakutaka mwanawe afundishwe kulima na kupiga randa tu, eti ndiyo elimu inayomfaa Mwafrika. Alitaka elimu ileile aliyopata mtoto wa mzungu, pamoja na Kilatini chake, na alikuwa tayari kuilipia ada.

Kwa hiyo Abeokuta walipofungua ya kwao, walijua wanachokitaka. Wasichana ndio hawakuwamo kwenye hesabu ya mwanzo. Mwaka walioingia ndio mwaka ambao mji ulipoteza uhuru wake: askari walimwaga damu mtaa wa Ijemo, mkataba ukafutwa, Waegba wakaingizwa katika Nigeria iliyokuwa imetoka kuunganishwa. Hata hivyo shule haikurudi nyuma. Ili kupima uzito wa jambo hilo, tazama Kenya: Alliance High School ilianza mwaka 1926 kwa wavulana, na wasichana wakasubiri hadi 1948, tena wakajengewa ya kwao.

Frances alipomaliza alifundisha kidogo, kisha mwaka 1919 wazazi wakampeleka Cheshire, Uingereza, katika shule ya wasichana ya Wincham Hall. Huko alisoma muziki, ushonaji, Kifaransa na namna ya kuzungumza kwa ufasaha. Mtaala wa kumwandaa mwanamke kuwa mke mstaarabu. Ukamwandaa kwa jingine. Alirudi mwaka 1922 akiwa ameyatupa majina ya Frances na Abigail, akabaki Funmilayo, akarudi kufundisha shuleni kwake.

Mwaka 1925 aliolewa na Israel Oludotun Ransome-Kuti. Ukifunua daftari la 1908 la shule hiyohiyo, mwanafunzi nambari moja ni huyu Israel. Mvulana wa kwanza kuandikishwa akamwoa msichana wa kwanza kuandikishwa. Mtunzi wa riwaya angeliandika hilo, mhariri angemwambia apunguze chumvi. Israel alikuwa mtoto wa mchungaji aliyesifika kwa kutunga nyimbo za dini za Kiyoruba. Alichukua shahada Fourah Bay, Freetown, akawa mchungaji mwenyewe, na tangu 1918 alikuwa mwalimu mkuu wa Ijebu-Ode Grammar School. Mwaka 1931 walimu wa Nigeria walipounda chama chao cha kitaifa, walimchagua rais wa kwanza. Mwaka uliofuata akaitwa nyumbani kuiongoza shule iliyomlea, akakaa hapo hadi 1954.

Hiyo miaka 22 ndiyo inayonivutia kuliko mengine yote katika historia ya shule hii. Wanafunzi walimwita Daodu, na mkewe Beere. Alikuwa mkali ajabu. Bakora haikukaa mbali na mkono wake, na watoto wake wa kuwazaa, Dolupo, Olikoye, Fela na Beko, hawakupata nafuu kwa kuwa wa mwalimu mkuu. Fela alikuja kusimulia ukubwani kwamba alichapwa na baba, na mama naye hakuwa mwepesi wa kusamehe.

Lakini ukali wa Daodu ulikuwa na mlango. Mwandishi Wole Soyinka, ambaye mama yake alikuwa wa ukoo wa Ransome-Kuti, alisoma hapo kwa muda mfupi akiwa mtoto, na katika Aké, kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu utoto wake, anamchora mwalimu aliyeipenda hoja kuliko utii. Mkosaji aliruhusiwa kujitetea. Kesi ikasikilizwa kama mahakamani, na mwanafunzi mwenye ulimi na akili aliweza kuusogeza ukingoni ushahidi ulio wazi kama mchana. Mojawapo ya kesi hizo ni ya vijana walioshtakiwa kumwiba kuku wa mwalimu mkuu, kuku aliyeonekana akiwa amekwisha kuiva. Wao wakaleta utetezi wa kisayansi, kwamba kuna vitu vinavyoweza kuwaka vyenyewe bila mtu kuwasha moto. Nani asiyetamani shule ambako mwizi wa kuku analazimika kwanza kuielewa sayansi?

Katika kitabu hichohicho, Soyinka anapofaulu kwenda Government College ya Ibadan, kina Ransome-Kuti hawafurahii. Kwao, shule ya serikali chini ya walimu wazungu ilimzoesha mtoto wa Kiafrika kuitikia kila neno kwa “sir”, na hata kaptura zake hazikuwa na mifuko. Inachekesha, mpaka ukumbuke kwamba nasi tumepita shule ambako mtoto kuingiza mkono mfukoni mbele ya mwalimu lilikuwa kosa la kuitiwa mzazi.

Wakati Daodu akishughulika na wavulana na wasichana mchana, Beere alikuwa na wanafunzi wa aina nyingine. Alianza na klabu ya mabibi wa Kikristo, wenye elimu na chai ya saa kumi. Katika miaka ya 1940 wakaanza kuja wanawake wa sokoni waliotaka kujua kusoma. Kwenye madarasa hayo ya watu wazima, mazungumzo yalitoka kwenye alfabeti yakafika kwenye mchele unaonyang’anywa na maofisa, na kodi ambayo wanawake wa Abeokuta walitozwa kivyao, mbali na waume zao, tangu 1918. Mwaka 1946 klabu ikageuka kuwa Umoja wa Wanawake wa Abeokuta, na Beere, aliyefunzwa Cheshire namna ya kuzungumza kwa ufasaha, akawa anahutubia kwa Kiyoruba akiwa amevaa kama mchuuzi yeyote wa nguo sokoni.

Walipokatazwa kuandamana, waliita mikusanyiko yao pikiniki. Kabla ya kwenda, Beere aliwafunza jinsi ya kujikinga macho na pua moshi wa mabomu ya machozi ukitanda, na jinsi ya kuliokota bomu lenyewe na kulirudisha lilikotoka. Hilo halikuwamo kwenye mtihani wa Cambridge. Mwishoni mwa 1947 maelfu yao walikaa mbele ya kasri ya Alake, mfalme wa mji, usiku na mchana wakiimba nyimbo za kumkejeli. Kijana Soyinka alikuwa miongoni mwa watoto waliokuwa wakitumwa huku na kule na ujumbe. Kodi ikasimamishwa, na Januari 1949 Alake Ademola II akaachia kiti, ingawa alirejeshwa mwaka uliofuata.

Fela alikuwa na miaka tisa hivi wakati wa vurugu hizo. Alipofika miaka 16 alianzisha shuleni klabu aliyoiita Planless Society, ambayo kanuni yake ilikuwa kuzivunja kanuni, na ikawa na kijigazeti chake. Baba yake ndiye aliyekuwa amewafundisha vijana hao kwamba mwenye hoja asikilizwe. Sidhani kama alitarajia hoja yenyewe iwe hiyo. Daodu alifariki Aprili 1955. Miaka mitatu baadaye Fela alisafiri kwenda London, nyumbani wakidhani kijana anakwenda kusomea udaktari kama kaka yake, naye akajiandikisha Trinity College of Music.

Katika miaka ya 1970 serikali zilichukua shule za misheni, na mwaka 1979 jimbo la Ogun likafuta ada za sekondari. Madarasa yakafurika, kama yalivyofurika kwetu kila ada ilipofutwa, na ile shule ya wachache ikawa ya umma. Sasa iko Idi-Aba, wavulana na wasichana wakiketi pamoja bila yeyote kuona ni habari, na mtihani wao hutungwa na baraza la mitihani la Afrika Magharibi.

Wapenzi wa shule hujivunia Soyinka na Nobeli yake ya mwaka 1986, ingawa hapo alipita tu, na msomaji wa Kiswahili aliyewahi kucheka na tamthilia yake, Masaibu ya Ndugu Jero, atawaelewa. Wengine humtaja Olikoye, waziri wa afya aliyesimamia kampeni kubwa ya chanjo za watoto miaka ya 1980. Mimi ningewaongeza wale wachuuzi wa mchele na nguo waliojifunza kusoma kwa Beere. Hawakulipa ada wala kuvaa sare, na hakuna mwanafunzi mwingine aliyewahi kumtoa Alake kwenye kiti chake.