Dar es Salaam Ilipovuma Ikiwa Ndogo

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alitaka mji wa kuvuma. Katika miaka ya 1860 aliichagua bandari tulivu jirani na kijiji cha Mzizima, akajenga kasri la mawe, na mwaka 1867 akawaalika makonsuli wa mataifa ya kigeni kwenye karamu kubwa. Karamu ya namna hiyo haiandaliwi kwa ajili ya pilau tu. Majid alitaka habari za Dar es Salaam zifike ng'ambo. Alifariki mwaka 1870, na ndugu yake Barghash, aliyemrithi, hakuwa na haja na mradi huo. Majengo yakaachwa yabomoke, na wakulima wakaendelea kulima kando yake.

Wajerumani walioingia mwaka 1887 walikuwa na hesabu nyingine. Mwaka 1891 walihamishia hapo makao makuu ya koloni kutoka Bagamoyo, ambako maji ya pwani hayana kina cha kutosha kwa meli kubwa za mvuke. Reli ya Kati ilianza kujengwa mwaka 1905, na mwaka 1914 ilikuwa imefika Kigoma. Mji ukapata kazi ya kudumu ya kupokea na kupakia mizigo ya bara. Kazi hiyo huupa mji riziki, huujaza watu. Umaarufu ni habari nyingine. Waingereza, walioutwaa mwaka 1916, waliuendesha kama bandari ya kawaida, na nje ya Afrika Mashariki ni wachache waliokuwa na sababu ya kulitaja jina lake.

Sababu ilipatikana Desemba 1961, na ilitokana na ramani. Tanganyika ilipopata uhuru, upande wake wa kusini ulikuwa bado mikononi mwa wakoloni na walowezi: Wareno Msumbiji na Angola, Wazungu wachache Rhodesia na Afrika Kusini, na Namibia chini ya Pretoria. Aliyetoroka huko akielekea kaskazini alikuta Dar es Salaam ndiyo bandari ya kwanza yenye serikali ya Waafrika iliyokuwa tayari kumpokea. Nelson Mandela alipita hapo mapema mwaka 1962. Juni mwaka huohuo FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa katika mji huo. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ulioasisiwa Addis Ababa, uliweka Dar es Salaam makao ya Kamati yake ya Ukombozi. Baada ya hapo harakati za ukombozi za ANC, PAC, SWAPO, ZANU, ZAPU na MPLA zote zilikuwa na watu mjini, wengine katika ofisi za chumba kimoja au viwili.

Ukumbukwe udogo wa mji wenyewe. Sensa ya 1967 haikukuta hata watu 300,000. Mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka ofisi ya chama kimoja cha ukombozi hadi cha pili, kisha hadi ubalozini, kisha hadi baraza ya hoteli ya New Africa, ambako wakimbizi wa kisiasa, waandishi wa habari na majasusi walikaa meza za jirani wakisikilizana bila kuonyesha kwamba wanasikilizana. Ryszard Kapuściński, mwandishi wa shirika la habari la Poland, alikuwa miongoni mwa waliokuwa na makazi mjini. Wanahabari hawakuja kuandika habari za Tanganyika peke yake. Walikuja kwa sababu hapo ndipo walipoweza kupata habari za Msumbiji, Rhodesia na Kongo kutoka vinywani mwa wahusika.

Malcolm X alifika Oktoba 1964. Che Guevara alikuja Februari 1965 na kukutana na Laurent Kabila, kiongozi wa waasi wa Kongo. Miezi miwili baadaye alipita tena kwa siri kuelekea Kigoma na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Vita vyake vya Kongo viliposhindwa, alijificha katika ubalozi wa Cuba mjini Dar es Salaam akiandika habari za kushindwa kwake. Februari 3, 1969, rais wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, aliuawa na bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa kama kifurushi, akiwa katika nyumba moja ya Oysterbay. Siku hiyo mtaa ambao wengi duniani hawakuwahi kuusikia uliingia katika habari za mabara yote.

Kisha kulikuwa na Mlimani. Chuo kikuu kilichoanza mwaka 1961 katika jengo la chama tawala, TANU, mtaa wa Lumumba kilihamia huko mwaka 1964, na kwa muda mfupi kikawa na walimu na wanafunzi ambao vyuo vyenye fedha zaidi vingewaonea wivu. Mguyana Walter Rodney alifundisha hapo, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972 kwa ushirikiano wa wachapishaji wa London na wa Dar es Salaam. Issa Shivji alikuwa anaandika. Yoweri Museveni na John Garang walipita hapo wakisoma. Juni 1974 Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika ulikusanyika Mlimani, wa kwanza wa mfululizo ule kufanyika katika ardhi ya Afrika.

Hata reli ya pili ilitokana na siasa za wakati ule. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia ya kutolea shaba isiyopita kwao. Nchi za Magharibi zilikataa kugharamia, China ikakubali. TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na Vita Baridi vikapata sura nyingine iliyoanzia stesheni ya Dar es Salaam.

Halafu wageni wakaondoka. Msumbiji ilijitawala mwaka 1975, Samora Machel wa FRELIMO akaenda Maputo. Zimbabwe ilifuata mwaka 1980, Namibia mwaka 1990. Kamati ya Ukombozi ilifungwa mwaka 1994, kazi yake ikiwa imekwisha. Ni nadra mji kupoteza umaarufu kwa sababu umefaulu, lakini Dar es Salaam ilipoteza wake kwa njia hiyo, na hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980 haikuacha fedha ya kuuvutia ulimwengu kwa kitu kingine. Nairobi, iliyoanza mwaka 1899 kama kambi ya reli, ilikuwa imecheza karata tofauti: mwaka 1972 ilichaguliwa kuwa makao ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Taasisi ya kudumu huleta mikutano kila mwaka, na mikutano huleta ndege za moja kwa moja. Harakati za ukombozi hazikukusudiwa kudumu.

Sensa ya 2022 iliupa mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728, karibu mara ishirini ya wale wa 1967. Mtalii wa Ulaya huuona kupitia dirisha la boti ya kwenda Zanzibar, kisiwa chenye watu wachache zaidi na jina kubwa zaidi. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, yaliuletea mji tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018. Waliofurahi zaidi ni wataalamu wa mipango miji.

Kusini na magharibi, hata hivyo, hali ni nyingine kabisa. Mfanyabiashara wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa Kariakoo iko wapi. Anajua ni mtaa upi wa vitenge na upi wa vipuri, anajua wakala wa forodha wa kumpigia simu, na nyimbo za Bongo Fleva anazozisikia dukani kwake zilirekodiwa katika mji ambao kontena lake linasubiri kupakiwa kwenye lori.