Makuti Yalipogeuka Aibu

Machi ikifika Msambweni, watu huacha kuulizana habari za asubuhi, wakaanza kuulizana kama mtu amelala. Kaskazi imechoka, kusi bado haijaanza, na baina ya pepo hizo mbili kuna wiki kadhaa hewa inasimama tu. Nyuzi 33 si kitu kwa mtu wa Garissa. Balaa letu ni unyevu. Jasho hupoza mwili linapokauka, sasa hewa iliyojaa maji ya bahari italikausha vipi? Linateleza tu mgongoni.

Wazee wa Kidigo walilijua hili bila kipimajoto. Nyumba yao ilikuwa ya fito, boriti na udongo, na paa la makuti lenye mwinamo mkali. Kati ya kichwa cha ukuta na paa paliachwa uwazi ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Jiko lilikaa nje, uani. Kitanda kilisukwa kwa kamba, upepo ukipita chini ya mgongo wako. (Godoro la sponji, ambalo sote tunalikimbilia, limeuziba upepo huo, lakini nani atarudi kwenye kamba?) Wenye mali walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene. Ukiingia Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapokutana na bahari Diani, jua la saa saba unaliacha mlangoni. Gazi nako, nyumba ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyewaasi Waingereza mwaka 1895, imesimama hadi ikawa shule.

Sasa tazama Ukunda leo. Bati, bati, bati. Vijana wenzangu wamepanga chumba kimoja cha matofali, dirisha moja, na feni inayozungusha moto uleule hadi tokeni za stima ziishe. Bati lenyewe hupoa haraka jua likizama. Kinachokesha na joto ni ule ukuta uliokuwa ukiota jua tangu asubuhi. Ni rahisi kusema watu walipumbazwa na usasa. Mimi naona jibu liko kwenye ardhi.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya pwani. Mwenye kudai shamba alitakiwa ajitokeze, alithibitishe na aandikishwe. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ikawa mali ya Mfalme wa Uingereza. Wadigo na Wamijikenda wengine walimiliki kwa ukoo, si kwa karatasi, na wengi wao sheria hiyo iliwapita. Watu wakaamka ni wageni palipozikwa babu zao. Kuanzia hapo pwani ikazoea jambo la ajabu: nyumba ni yako, ardhi si yako. Unamlipa mwenye shamba kodi ya kiwanja, naye anakuruhusu udongo na makuti, lakini ukileta mawe au bati anakuja juu, maana jengo la kudumu linanukia madai ya kudumu.

Kwa hiyo makuti yakaacha kuwa paa tu. Yakawa alama ya mtu anayeweza kuambiwa ahame kesho.

Bibi yangu aliezeka bati mimi nikiwa darasa la sita. Miaka ile ya kwanza tulikuwa tukitoka nje saa nane mchana kama kuku, tunatandika mkeka chini ya mwembe. Nikiwa mkubwa nikamuuliza, "Bibi, si bora yale makuti?"

"Wewe ulikuwa ukilala katikati, mjukuu wangu. Hukuvujiwa," akanambia. "Halafu chini ya bati hapana mtu wa kuja kunambia niondoke."

Na ana haki. Makuti hayadumu, miaka michache tu mchwa na mvua ya masika vinakudai paa jipya. Yakishika moto, upepo wa kaskazi unaupeleka hadi kwa jirani kabla hujapata ndoo ya pili.

Kinachonichoma kiko kaskazini yake. Ufukweni Diani, hoteli zimejaa makuti. Mtalii anatoka Ulaya analipa pesa nzuri alale chini ya paa lilelile ambalo mtu wa Msambweni ametumia nusu ya maisha yake kulikimbia. Tofauti ni kwamba hoteli ina karatasi ya kiwanja. Ukiwa na hati, makuti ni urembo.

Hoteli nyingine huezeka bati kwanza, kisha makuti juu yake: mvua haipiti, joto linakatwa, na ukitazama kutoka nje huoni bati. Nilimweleza Bibi habari hiyo mwaka jana. Akafikiri kidogo, akauliza fundi anataka pesa ngapi.

"Lakini bati halitoki," akasema.