Ghala la viuatilifu vya zamani: Mambo ambayo kibarua ajue kabla ya kuingia kusafisha

Bosi anasema kazi ni ya siku mbili tu: kutoa magunia na madumu ya dawa za zamani, kufagia ghala, basi. Malipo ni ya papo hapo. Kazi kama hii inaweza kutokea popote penye kilimo, kuanzia mashamba ya mkonge Kilosa hadi bustani za mboga Mgeta, kwenye milima ya Uluguru. Inaonekana nyepesi, lakini hatari yake huanza pale vumbi linapotimuka.

Funzo kutoka Vikuge

Mfano unaojulikana zaidi uko mkoa jirani wa Pwani. Mwaka 1986 shamba la Vikuge, wilayani Kibaha, lilipokea takriban tani 170 za viuatilifu kutoka Ugiriki kama msaada. Sehemu yake ilikuwa tayari imepitwa na wakati. Shehena hiyo iliwekwa kwenye banda la wazi, na baadaye banda likaporomoka.

Mzigo uliondolewa, lakini sumu ilibaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, baada ya usafishaji, ulikuta DDT na HCH kwa wingi kwenye udongo na hata kwenye maji ya kisima. Kwenye sampuli moja ya udongo, zaidi ya robo ya uzito ilikuwa DDT na mabaki yake.

Maana yake ni kwamba ghala tupu si ghala safi. Anayefagia mwisho anaweza kupata sumu sawa na aliyebeba gunia la kwanza.

Sumu inaingiaje mwilini?

- Kwa ngozi: hasa kiuatilifu cha maji kikimwagikia nguo na kulowa.
- Kwa pumzi: vumbi na mvuke.
- Kwa mdomo: kula, kunywa au kuvuta sigara kwa mikono michafu.

DDT hujikusanya kwenye mafuta ya mwili na kukaa miaka mingi. Viuatilifu vya kundi la oganofosfeti hushambulia neva, na dalili zake huja haraka: kichwa kuuma, jasho jingi, mate kutoka, kutetemeka, mboni za macho kuwa ndogo.

Kabla ya kuingia

- Kuwe na orodha ya kilichomo ndani. Dumu lisilo na lebo lihesabiwe kuwa ni sumu kali.
- Mfanyakazi apimwe afya. Penye oganofosfeti, damu hupimwa kabla na wakati wa kazi. Kipimo kikishuka, mhusika anaondolewa kwenye eneo.
- Vifaa viwe kamili: ovaroli isiyopitisha kemikali, glovu ndefu za mpira mgumu, gambuti, miwani ya kinga na barakoa yenye kichujio cha mvuke. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Suruali ikae nje ya gambuti, isichomekwe ndani.
- Eneo ligawanywe: sehemu chafu, sehemu ya kuvulia na kunawa, na sehemu safi ya kupumzikia.

Wakati wa kazi

Vumbi lisifagiliwe likiwa kavu. Litulizwe kwanza au lifyonzwe kwa mashine maalumu. Joto ndani ya ovaroli linachosha haraka, hivyo mapumziko na maji ya kunywa ni lazima, lakini baada ya kuvua na kunawa.

Nguo za kazi zisiende nyumbani. Mama au mtoto anayezifua naye anapata sumu. Madumu yasigeuzwe ya maji, na maji ya kuoshea ghala yasielekezwe mtaroni. Mito ya Ngerengere na Ruvu huanzia Uluguru, na Ruvu ndiyo inayonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam.

Akizidiwa

Atolewe kwenye hewa safi, avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha akimbizwe hospitali pamoja na lebo ya kiuatilifu. Anayemhudumia avae glovu. Maziwa si dawa ya sumu hii. Kwa baadhi ya viuatilifu, mafuta yake yanaweza kusaidia sumu kunyonywa mwilini. Asilazimishwe kutapika.

Nani anawajibika?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi, ikiwemo vifaa vya kinga na vipimo. Inasimamiwa na OSHA. Taka hatarishi zinasimamiwa na NEMC, na viuatilifu viko chini ya TPHPA. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hushughulikia fidia kwa anayeumia au kuugua kutokana na kazi.

Ndiyo maana jina la kibarua liandikwe kwenye daftari la kazi tangu siku ya kwanza. Madhara yakijitokeza baada ya miezi, bila daftari ni vigumu kuthibitisha kwamba aliwahi kuingia ghalani.