Mshahara, masomo na utafiti: katika Lualaba, nani anapaswa kulipa?

Hapa Kolwezi mjadala huu hauishi, iwe sokoni, kanisani ao kwenye kituo cha taksi. Malori ya shaba na kobalti yanapita kila siku, lakini mwalimu anagoma na mzazi anatafuta makuta ya minervali. Wengine wanasema ni serikali inapaswa kulipa. Wengine wanasema ni kompani. Sheria imegawanya kazi hiyo, na kila jambo lina mlango wake wa kubisha.

Zamani mlipaji alikuwa mmoja

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Serikali ya Mobutu iliitwaa, na baadaye ikaitwa Gécamines. Kompani hiyo ilitoa mshahara, mposho, nyumba, hospitali na masomo ya watoto. Wazee wanakumbuka msemo wa wakati ule: kazi njo baba, njo mama.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Kufikia mwaka 2003 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 20,000, na mwaka huo wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango wa « départs volontaires » uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Baba alipopoteza kazi, mtoto alipoteza masomo na mama alipoteza dawa siku ileile, juu ya vyote vilikuwa ndani ya mfuko mmoja.

Mshahara: serikali inaweka kiwango cha chini

Katika kompani, mshahara unapatanwa kati ya mwajiri, mfanyakazi na sendika. Serikali inaweka kiwango ambacho hakuna mtu anaruhusiwa kulipa chini yake. Kinaitwa SMIG. Dekreti ya Mei 2018 ilikiweka kwenye franka 7,075 kwa siku. Mwaka 2025 kilipandishwa hadi franka 14,500, na ikapangwa kifike 21,500 kuanzia Januari 2026.

Je, kiwango hicho kinatosha kuishi? Mwaka 2021 shirika la RAID la Uingereza pamoja na CAJJ ya hapa Kolwezi yalipiga hesabu: familia ya Kolwezi inahitaji karibu dola 402 kwa mwezi. Wakati ule dola moja ilikuwa karibu franka 2,000, kwa hiyo SMIG ya siku 26 ilikuwa kama dola 92 tu. Wanaoumia zaidi ni wale wanaoajiriwa na kompani za sutretansi: wanafanya kazi ndani ya mgodi uleule, lakini kontra yao si ya kompani yenye mgodi. Mlango wa kubisha hapa ni inspeksheni ya kazi, pamoja na sendika.

Masomo: Kinshasa inalipa mwalimu

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za serikali. Ilichukua miaka 13 mbele ya kuanza kutekelezwa, Septemba 2019. Mbele ya hapo wazazi njo walikuwa wanabeba sehemu kubwa ya malipo ya mwalimu. Leo mshahara wa mwalimu wa shule ya serikali, pamoja na shule za makanisa zenye mapatano na serikali, unatoka Kinshasa.

Shida ni kwamba walimu wengi wanafundisha bila kuwa kwenye orodha ya malipo. Wanaitwa N.U., yaani « nouvelles unités ». Mzazi anaambiwa asilipe, na mwalimu halipwi. Hapo masomo ya bure yanabebwa na mgongo wa mtu mmoja. Na darasa likifungwa, mtoto wa Kolwezi hayuko mbali na mgodi.

Jimbo nalo lina sehemu yake. Kifungu cha 204 kinalipa mamlaka juu ya masomo ya chini na sekondari, kwa kufuata kanuni za taifa. Kwenye sekondari, ambako wazazi bado wanalipa, ni gavana anatia sahihi kwenye bei za mwaka.

Utafiti: jambo linalosahaulika

Watu wengi wanaona utafiti ni mambo ya wazungu. Lakini mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa KU Leuven ya Ubelgiji, walionyesha kwamba wakaaji wa Kasulo, mtaa wetu ambamo watu walichimba kobalti chini ya nyumba, walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo na damu, na watoto kupita wakubwa. Bila kazi ile, mama wa Kasulo angekuwa na wasiwasi tu, bila ushahidi wa kushika mkononi.

Mwaka 2022 kituo cha Afrika cha utafiti wa betri kilizinduliwa Lubumbashi. Swali linabaki: kama serikali haitii makuta yake katika utafiti, nani atachagua maswali ya kuchunguza?

Makuta ya madini yanapita wapi?

Sheria ya madini ya Machi 2018 inaweka redevansi ya 3.5% kwa shaba na 10% kwa kobalti. Tuchukue mfano wa shaba ya dola 1,000,000. Redevansi ni dola 35,000, na inagawanywa hivi:

- serikali kuu, 50%: dola 17,500
- jimbo, 25%: dola 8,750
- mji, komini, sekta ao sheferi ya mahali pa mgodi, 15%: dola 5,250
- mfuko wa vizazi vijavyo, FOMIN, 10%: dola 3,500

Mbali na hiyo, kompani inatoa 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wanaozunguka mgodi. Kuna pia « cahier des charges », mapatano ya miaka mitano kati ya kompani na wakaaji.

Pande mbili za mjadala

Upande mmoja unasema: kompani ijenge shule, juu ya serikali inachelewa. Upande mwingine unajibu: kompani ikijenga na serikali ikikaa kimya, tutarudia yale ya Gécamines. Pande zote mbili zina haki yake. Jengo la kompani ni msaada mzuri, lakini jengo halifundishi. Bei ya kobalti inaweza kuanguka, na mgodi unaweza kufungwa. Mshahara wa mwalimu hauwezi kufuata bei hiyo.

Kwa hiyo, kama mwalimu hajalipwa, swali liende Kinshasa kupitia wabunge wetu. Bei za sekondari ziulizwe kwa jimbo. Ile 15% iulizwe kwa meya, bourgmestre ao shefu: imeingia kiasi gani, na imefanya nini? Ile 0.3% iulizwe kwenye kamati ambamo wakaaji wana wajumbe wao. Mwananchi anayeuliza akiwa na namba mkononi ni vigumu kumrudisha nyumbani bila jibu.