Kabla Shoka Halijagusa Mti: Historia Fupi ya Mkataba, Tukianzia Owino

Katikati ya Kampala, kati ya kituo cha zamani cha teksi na uwanja wa Nakivubo, liko soko ambalo kila mkazi wa jiji huliita Owino. Jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, kwa heshima ya Yosefu Mukasa Balikuddembe, shahidi wa dini aliyeuawa Nakivubo tarehe 15 Novemba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Soko lenyewe lilianza mwaka 1971. Humo huuzwa nguo za mitumba, viatu, nafaka, dawa za miti shamba, vyombo na vyakula vilivyopikwa. Na humo pia, kuanzia alfajiri hadi giza linapoingia, watu hufunga mapatano yasiyohesabika bila kuandika neno hata moja. Mchukuzi hukubali mzigo kwa kutikisa kichwa. Fundi cherehani hupokea suruali na kusema, “Njoo kesho.” Neno la mtu ndilo hati yake.

Ndugu mwanafunzi, desturi hiyo si ya kudharauliwa. Imelisha familia nyingi. Lakini ipo kazi moja ambayo huonyesha vizuri mahali ambapo neno tupu huanza kushindwa, nayo ni kazi ya kupogoa au kuangusha mti. Tuichunguze kwa mfano wa kubuni.

Mama mmoja muuza mitumba wa Owino amejenga nyumba yake pembeni mwa jiji. Nyuma ya nyumba umesimama mfenesi mzee, na tawi lake kubwa limelalia paa la jirani. Sokoni anaelekezwa kwa kijana hodari wa kupanda miti. Kijana anautazama mti, anasema, “Mama, hiyo ni kazi ya siku moja tu.” Mama anajibu, “Haya mwanangu, njoo Jumamosi.” Bei inatajwa, mikono inapeanwa. Jumamosi ikifika, tawi linakatika kabla ya kamba kukazwa, linaangukia paa la jirani, na kijana mwenyewe anateguka mguu. Nani alipe mabati? Nani alipe hospitali? Na kuni zile, pamoja na gogo linaloweza kupasuliwa mbao, ni mali ya nani? Hakuna aliyeuliza siku ile ya kupeana mikono.

Ili kuyajibu maswali hayo, hatuna budi kurudi nyuma.

Mafundi wa miti walikuwapo Buganda kabla ya karatasi. Waliotengeneza nguo ya gome waliubandua mutuba gome lake majira ya mvua, kisha wakaufunika mwili wa mti kwa majani ya mgomba ili kidonda kisikauke, na gome jipya likaota. Mti ule ule ukaweza kutoa gome mwaka baada ya mwaka. Ukoo wa Ngonge ndio uliojulikana kwa ufundi huo, chini ya kiongozi wake wa kurithi, Kaboggoza. Na mwaka 2005 UNESCO iliutangaza kuwa miongoni mwa urithi mkubwa wa binadamu. Dhamana ya kazi ya fundi yule haikuwa karatasi. Ilikuwa jina la ukoo. Fundi aliyeua mti kwa uzembe aliharibu mti na jina kwa pamoja, na jina hilo lilijulikana na kila aliyemwajiri.

Neno linalotumika Buganda kwa mapatano ni endagaano, ambalo msikilizaji wa Kiswahili hulisikia mara moja kuwa jamaa wa agano na kuagana. Kiswahili kina neno jingine pia, mkataba, lililotoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika, ule ule uliotupa kitabu na katibu. Tofauti hiyo ya asili inafundisha. Agano ni la watu wanaokutana; mkataba ni agano lililoandikwa. Watu wa pwani waliofanya biashara na wageni ambao huenda wasiwaone tena walielewa mapema kwa nini wakasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo, maandishi peke yake hayaleti haki. Ushahidi mkubwa ni Mapatano ya Buganda yaliyotiwa saini tarehe 10 Machi 1900. Upande mmoja alikuwa Sir Harry Johnston kwa niaba ya Uingereza. Upande wa pili walikuwa watawala wa muda waliomshikia nafasi Kabaka Daudi Chwa, aliyekuwa bado mtoto mdogo: Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Mapatano hayo yaligawa ardhi kwa maili za mraba, na ndipo lilipotoka neno mailo linalotumika mpaka leo kwa ardhi ya aina hiyo. Miti nayo ilitajwa: maili za mraba 1,500 za misitu ziliwekwa chini ya serikali ya wakoloni. Na kifungu cha mwisho kilisema kwamba katika kuyafasiri mapatano, maandishi ya Kiingereza ndiyo yatakayozifunga pande zote mbili.

Kisome tena kifungu hicho, mwanafunzi. Upande mmoja uliyafasiri mapatano kwa lugha yake wa kuzaliwa nayo. Upande wa pili ulifungwa na maneno ya lugha ya mgeni. Mwenye lugha ya mkataba ndiye mwenye mkataba.

Baada ya hapo sheria za mikataba zilifika Afrika Mashariki kwa njia ya bahari. Waingereza hawakuja na sheria mpya. Walileta ile waliyokwisha kuitunga kwa ajili ya India, Sheria ya Mikataba ya mwaka 1872, wakaitumia katika nchi walizotawala huku kwetu. Mfanyabiashara wa Mombasa na mwenzake wa Kampala walipogombania deni, maneno yaliyoamua ugomvi wao yalikuwa yameandikwa Asia. Zanzibar ilipata sheria yake ya mikataba mwaka 1917, na Tanganyika mwaka 1961, zote zikifuata sura ya ile ya India. Kenya, mwaka huo huo wa 1961, iliiacha ikafuata sheria ya Kiingereza. Uganda ilifanya vivyo hivyo tarehe 1 Januari 1963, miezi michache baada ya uhuru. Mwishowe Bunge la Uganda lilitunga Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010, ambayo inatumika sasa.

Sheria hiyo inasema nini kwa lugha nyepesi? Kwamba mkataba ni mapatano yaliyofanywa kwa ridhaa huru ya watu wenye uwezo wa kisheria, kwa malipo halali na kwa lengo halali, wakiwa na nia ya kufungwa nayo kisheria. Maneno ya mdomo yanaweza kuwa mkataba kamili. Kwa hiyo mama wa Owino na kijana wake walikuwa na mkataba tangu walipopeana mikono. Lakini pale thamani ya jambo inapozidi vipimo 25 vya fedha, yaani shilingi 500,000, sheria inataka maandishi.

Hapa ndipo kazi ya mti inapotuonyesha pengo. Sheria hupima thamani ya jambo linalopatanwa, bali mti hauangukii bei. Kazi ya shilingi 150,000 inaweza kuvunja paa la shilingi milioni tatu na kumlemaza mtu maisha yote. Kwa hiyo mwenye busara haulizi tu kama sheria inamlazimisha kuandika. Huuliza ni hasara gani inaweza kutokea, na ikitokea itamlalia nani.

Swali hilo liliwahi kufika katika Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1969. Mwenye nyumba alimwajiri mkata miti mzoefu aondoe mti uliokuwa mbele ya nyumba yake, karibu na barabara. Mti ulipoangushwa ulizikata nyaya za simu, zikaanguka barabarani. Mpita njia mmoja alikwenda kuziondoa. Gari likaja kwa kasi, akajirusha pembeni, akaumia vibaya. Je, mwenye nyumba alipe? Mahakama ilisema hapana. Alikuwa amemchagua fundi huru mwenye ujuzi, na uzembe wa fundi huyo ulikuwa wa fundi mwenyewe. Hukumu za Uingereza haziifungi Uganda leo, lakini zimesomwa sana na mahakama za Afrika Mashariki, na kanuni yenyewe inajulikana: anayemwajiri mfanyakazi hubeba makosa ya mfanyakazi wake, lakini anayempa kazi mkandarasi huru kwa kawaida hayabebi, mradi amechagua kwa uangalifu.

Kanuni hiyo inaonekana ya haki mahali ambapo mkata miti ana bima, ofisi na anwani. Tuipeleke nyuma ya nyumba ya mama yetu. Kijana ana panga, kamba na nguvu zake. Jirani aliyevunjiwa paa akiambiwa, “Mdai kijana,” amepewa haki ya kudai mfuko mtupu. Na kijana akiambiwa kwamba yeye ni mkandarasi huru, ameambiwa kwa maneno ya heshima kwamba mguu wake ni shauri lake. Hivyo basi, masharti ya mkataba si mapambo ya matajiri. Yanawafaa zaidi wale ambao hawana akiba ya kufidia bahati mbaya.

Masharti hayo si mengi. La kwanza ni kutaja wahusika kwa majina kamili na mahali wanapopatikana. La pili ni kuieleza kazi: mti upi, matawi yapi, ukatwe wote au upogolewe, na kisiki king'olewe au kibaki. La tatu ni ruhusa. Mti ulio kando ya barabara ni wa umma, na mwenye nyumba hana mamlaka ya kuuza kazi ya kuukata. Tena Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 inaruhusu baadhi ya aina za miti kutangazwa kuwa za hifadhi. La nne ni malipo: kiasi gani mwanzo, kiasi gani baada ya kazi kukaguliwa. La tano ni usalama: nani analeta kamba, kofia ngumu na msaidizi wa chini, na nani anawaonya majirani. La sita ni hasara: kikivunjika kitu cha jirani, nani atalipa na kwa sehemu gani, akiumia mpandaji, nani atagharimia matibabu. La saba ni mazao: mbao, kuni na makaa ni ya nani. La nane ni siku ya kumaliza, na itakuwaje mvua ikinyesha. La tisa ni njia ya kusuluhisha ugomvi. Uganda, tangu kanuni za mwaka 2011, ina utaratibu wa madai madogo yasiyozidi shilingi milioni 10, ambao humwezesha mtu wa kawaida kusimama mbele ya hakimu bila wakili.

La kumi ndilo linalotuhusu sisi walimu na wanafunzi wa lugha: mkataba usomwe kwa sauti, kwa lugha ambayo wote wawili wanaielewa. Uganda ina sheria ya zamani, iliyotungwa enzi za ukoloni, ya kuwalinda wasiojua kusoma. Inamtaka anayemwandikia hati mtu wa aina hiyo amsomee na kumfafanulia kabla hajaweka alama yake, kisha aandike katika hati hiyo jina lake kamili na anwani yake kama mwandishi. Mahakama za Uganda zimewahi kuzikataa hati zilizopuuza takwa hilo. Ni ajabu ya historia kwamba tawala zilizotokana na mamlaka ile ile iliyoifanya lugha yake kuwa mwamuzi mwaka 1900 ziliacha pia sheria inayokiri kwamba saini bila ufahamu haitoshi.

Tukirudi Owino, tunaona kwamba soko lenyewe lina wasemaji wa Kiganda, Kijaluo, Kinyankole, Kilugbara na lugha nyingine nyingi, na Kiswahili hupita kati yao kama mchukuzi mwenye mzigo. Tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Urasmi huo utakuwa na maana siku mama muuza mitumba na kijana mpandaji watakapoketi juu ya benchi, mtu wa tatu akawasomea karatasi moja kwa Kiswahili chepesi, na kijana akasema, “Hapo pa hasara sikubali, tugawane,” naye mama akafikiri kidogo, akakubali.

Zoezi la wiki hii ni hilo. Andika mkataba wa mama na kijana kwa kurasa zisizozidi mbili, ukitumia masharti kumi niliyoyataja. Kisha umsomee mtu ambaye hajawahi kusoma sheria. Kila neno atakalokuuliza maana yake, lifute, uweke jingine. Sharti la hasara uliandike la kwanza, kabla ya bei, kwa sababu bei haisahauliki kamwe. Hasara ndiyo husahaulika mpaka tawi litakapokuwa chini.