Shellac: Bendi ya roki iliyokataa minyororo ya kampuni kubwa

SHELLAC ilikuwa bendi ya muziki wa roki iliyoundwa jijini Chicago, Marekani, mnamo 1992. Kiongozi wake, Steve Albini, alikuwa mtunzi wa nyimbo, mpiga gita na mmoja wa warekodi wa muziki waliosifika zaidi duniani. Bob Weston alipiga gita la besi, naye Todd Trainer akacharaza ngoma. Watatu hao walidumu pamoja hadi kifo kilipowatenganisha mnamo 2024.

Albini alizaliwa Pasadena, California, mnamo Julai 22, 1962, akalelewa Missoula, Montana, na kusomea uanahabari katika Chuo Kikuu cha Northwestern. Kabla ya Shellac aliongoza bendi ya Big Black, iliyovunjika mnamo 1987.

Jina lake lilivuma kutokana na albamu alizowarekodia wengine, zikiwemo Surfer Rosa ya Pixies (1988), Rid of Me ya PJ Harvey na In Utero ya Nirvana (zote 1993). Hata hivyo, alikataa kuitwa mtayarishaji. Kwa maoni yake, kazi ya mrekodi ni kuhifadhi sauti ya wanamuziki jinsi ilivyo, wala si kuwaamulia wapige nini.

Msimamo huo uligusa pia mfuko wake. Albini hakudai mrabaha wa albamu alizorekodi, akishikilia kwamba anapaswa kulipwa ujira wa kazi kama fundi wa mifereji. Kwa In Utero alipokea dola 100,000 pekee, ilhali angedai sehemu ya mauzo angevuna mengi zaidi.

Aidha, katika makala aliyoandika mnamo 1993, alipiga hesabu ya bendi ya kubuni iliyotia saini mkataba na kampuni kubwa na kuuza nakala 250,000. Kampuni ilitia kibindoni dola 710,000, huku kila mwanabendi akiambulia takriban dola 4,031.

Shellac iliendeshwa kinyume na mtindo huo. Albamu zake zilitolewa na kampuni huru ya Touch and Go, kuanzia At Action Park (1994). Zilizofuata ni Terraform (1998), 1000 Hurts (2000), Excellent Italian Greyhound (2007) na Dude Incredible (2014). Albamu zilichelewa kwa kuwa wanabendi walikuwa na kazi nyingine za kuwapa riziki, hivyo walipiga muziki walipotaka, si walipohimizwa na soko.

Mnamo 1997 Albini alifungua studio yake, Electrical Audio, jijini Chicago. Humo bendi chipukizi zilihudumiwa sawa na zile zenye majina makubwa.

Lakini hakukosa dosari. Majina na maneno makali aliyotumia ujanani yaliwaudhi wengi, na mnamo 2021 alikiri hadharani kwamba alikosea na kwamba anapaswa kuwajibika.

Albini alifariki kutokana na mshtuko wa moyo mnamo Mei 7, 2024, akiwa na umri wa miaka 61. Siku kumi baadaye, albamu ya sita ya Shellac, To All Trains, ilitolewa kama ilivyokuwa imepangwa. Ndiyo iliyokuwa ya mwisho.